Bila Kutumwa

Nilimchukia mwalimu huyu kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo yote sikupata mtu mwingine wa kumsifu kama yeye. Nikianza kumweleza kwa walimu wenzangu saa ya chai, naanza kwa kumsema, na nikimaliza nimeshamsifu na chai imepoa. Wenzangu walishanizoea. Mmoja hunitania kwamba huyo mtu wangu lazima alinipiga sana au alinipenda sana. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, angalau si kwa namna ambayo mtu angeiona.

Shuleni kwetu Kitui alifundisha jiografia, lakini kilichomfanya ajulikane ni fomu. Kila mwaka serikali ilileta fomu kwa wanafunzi wa kidato cha nne, mwanafunzi aandike anataka chuo gani au kazi gani akimaliza: nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwalimu mkuu hakuwa na hamu nazo, akamwachia yeye, nasi tukamwita Mwalimu wa Fomu. Wazazi nao walimwita hivyo. Nadhani hata mkewe.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na kofia ya kaki ambayo aliivua kwa kila mtu, hata kwa watoto. Mfuko wa shati ulikuwa na penseli moja iliyochongwa kwa wembe pande zote mbili, na raba iliyofungwa kwa uzi kwenye kifungo ili isipotee. "Andika kwa penseli," alituambia, "wino ni wa Mungu." Tuliandika kwa penseli, tukamrudishia, naye akazifungia fomu kabatini kwa wiki tatu nzima. Alisema anaziacha zilale.

Zilipolala, yeye hakulala nazo. Kila Jumamosi ya wiki hizo alipanda baiskeli yake nyeusi akaenda kwa wazazi, mmoja baada ya mwingine. Hakwenda kusema habari za maksi wala za utoro. Alifika, akavua kofia, akapewa maji, akayanywa yote, kisha akauliza swali lake, ambalo lilikuwa moja tu: "Huyu mtoto, akiwa hapa nyumbani, anafanya nini bila kutumwa?"

Akishajibiwa aliandika katika daftari, akashukuru, akaondoka. Kazi ya kutumwa, alisema, hata punda anaifanya. Kazi ya mtu ni ile ambayo ukimkataza ataifanya nyuma ya nyumba.

Majibu aliyopewa yalikuwa yanazunguka shule nzima kufikia Jumatatu. Mama wa mwenzetu mmoja aliinamisha uso, akasema kwa aibu, "Anakula."

Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Anakula ulichopika wewe, au anajipikia?"

"Anajipikia, Mwalimu. Hata mboga yangu anaikaanga upya. Ati nimeikosea."

Mwalimu akamwandikia chuo cha hoteli. Kijana alilia, maana alikuwa ameandika uwakili, na baba yake alitishia kuja shuleni. Leo ni mpishi mkuu wa hoteli kubwa huko pwani, na akija likizo bado anaikosoa mboga ya mama yake.

Kulikuwa na Abdi, ambaye baba yake alifanya biashara ya mifugo Mwingi. Mwalimu alipanda basi mpaka huko kwa swali lile lile. Mzee alimsikiliza, akamtazama toka kofia mpaka viatu, akamwambia, "Mwalimu, umetoka Kitui mpaka hapa kuniuliza hii? Kwani uko na msichana unataka kumwoza?"

"La, Mzee. Nataka kumwandika."

Mzee aliagiza chai kwanza. Chai ilipoisha ndipo akasema kwamba mnyama akikataa kula, Abdi naye hali. Mwalimu alirudi Kitui juu ya lori la mbuzi, shati likinuka, akifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Abdi akaenda chuo cha mifugo, na sasa ni afisa.

Na kuna baba aliyejibu kwamba mtoto wake hafanyi kitu chochote bila kutumwa, na ndiyo maana alimleta shule. Mwalimu alifikiri kidogo, akamwandikia ukarani.

Hakuwahi kutuuliza sisi wenyewe. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma, na bado linanichoma. Tulipomwambia, alijibu kwamba ukimwuliza mtoto atakutajia alichosikia kwenye redio. Alikuwa na haki kiasi fulani. Mwaka wetu nusu ya darasa waliandika urubani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuona ndege imetua. Lakini kuna nusu nyingine.

Mwalimu mkuu alipenda kutukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Siku moja alisema hivyo mbele ya shule yote, akimtazama Mwalimu wa Fomu, maana fomu zilikuwa zimechelewa tena kwa ajili ya safari zake za baiskeli. Mwalimu alivua kofia, akasema kwa upole kwamba yeye amewaona waliokabidhiwa jembe la mtu mwingine, na malengelenge yao ameyaona pia. Tulipiga makofi mpaka tukafukuzwa turudi darasani kwetu. Yeye hakufurahi. Hakupenda kumshinda mtu hadharani.

Alitufundisha pia namna ya kwenda kwenye intavyu. Tulifanyia mazoezi katika stoo ya majembe, yeye akiketi juu ya gunia la mbegu nasi tukiingia mmoja mmoja. Ilibidi ubishe hodi, ungoje, uingie, usiketi mpaka uambiwe. "Ukiambiwa keti," alisema, "keti kama mwenye kiti. Usikae kwenye ncha kama kuku anataka kuruka." Msichana mmoja wa darasa letu alikuwa na sauti ndogo sana, akamrudisha mlangoni mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili msichana alikasirika, akagonga mlango hadi vumbi likaanguka, akasema jina lake kwa nguvu. Mwalimu akainuka kutoka kwenye gunia lake, akamwambia, "Hiyo hasira nenda nayo Nairobi."

Mtu huyu aliyetuandaa kwenda kila mahali hakuwa ameenda popote. Alitufundisha bandari zote za dunia na kina cha maji yake, na Mombasa hakuwa ameiona. Kwao ni Malili, pale barabara kuu ya Mombasa inapopita, na alikuja Kitui kufundisha kwa mwaka mmoja tu, mwalimu mwingine akiwa mgonjwa. Yule mwingine hakupona, na yeye hakuondoka. Siku moja mwanafunzi mtundu alinyoosha mkono, akamwuliza yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini kwao bila kutumwa.

Mwalimu akaweka chaki chini. Kisha akasema, "Nilikuwa naenda barabarani kuangalia malori."

"Halafu, Mwalimu?"

"Halafu yanapita."

Tulicheka. Yeye akageukia ubao, akaanza kutuchorea mto Rhine, na aliuchora wote na matawi yake bila kutazama kitabu. Sikuelewa siku ile kwamba alikuwa amejibu.

Sasa nije kwangu, maana siwezi kumweleza bila kufika hapo.

Kwetu ni karibu na Kwa Vonza. Mimi ni kifunga mimba. Dada zangu wawili waliolewa nikiwa mdogo, na kaka yangu mkubwa alienda Mombasa kutafuta kazi bandarini akiwa na miaka ishirini. Barua ya kwanza ilifika, ya pili ilifika, ya tatu mama bado anaingoja. Baba alikufa nikiwa kidato cha pili. Tangu siku hiyo mama akawa na desturi moja: nikiwa nimetoka nyumbani, hata sokoni, yeye hali mpaka nirudi. Chakula kitakuwa tayari, kimefunikwa, naye ameketi kando yake.

Sokoni Kwa Vonza palikuwa na kinu cha kusaga unga, kinachoendeshwa na injini ya dizeli. Mama akinituma na mahindi saa tatu, nilirudi na unga saa kumi, nimejaa grisi. Mwenye kinu alinizoea. Mwanzoni aliniacha nishike tochi, halafu nishike spana, na mwishowe injini ikikohoa alikuwa anasema, "Hebu ngojeni yule kijana." Nilijua sauti yake ikiwa nzima na ikiwa mgonjwa. Nikiwa darasani nilichora mikanda na magurudumu yake pembeni mwa ramani za Mwalimu.

Kwa hiyo fomu haikunisumbua. Nafasi ya kwanza niliandika chuo cha ufundi wa mitambo. Ya pili, ufundi wa injini za reli. Ya tatu niliandika fundi, popote. Mwalimu alisoma akatabasamu. "Popote si mahali, Kyalo," akaniambia. Jina langu maana yake ni safari, na alipenda kunitania kwamba mtu mwenye jina hilo hajafika hata Machakos.

Jumamosi aliyokuja kwetu nilikuwa kinuni. Nilimwona akipita na baiskeli kuelekea nyumbani, nikainua mkono kumsalimu, na mkono ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Akaupunguza mwendo, akautazama ule mkono, akavua kofia, akaendelea. Nilirudi kwenye injini nikiimba. Nilijua ameshaona jibu, na kwa mama anaenda kunywa maji tu.

Baada ya wiki tatu alituita tupange foleni na kalamu za wino. Fomu yangu ilikuwa imefutwa. Karatasi ilikuwa imekuwa nyembamba pale raba ilipopita, na juu yake, kwa mwandiko wake mdogo uliolala, nafasi ya kwanza ilisema ualimu wa shule ya msingi. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

"Mwalimu, hii si yangu."

"Ni yako. Pitishia wino."

"Mimi niliandika mitambo."

"Pitishia, Kyalo. Wenzako wanangoja."

Hakunitazama. Alitazama dirishani, na huko nje hakukuwa na kitu ila tangi la maji. Nilingoja aseme neno lingine lolote. Nyuma yangu palikuwa na foleni, na mbele yangu palikuwa na mwalimu, na kwetu mtoto hajibizani na mwalimu. Nikapitishia wino mara tatu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi, na katika miaka iliyofuata nilijaribu kusahau hilo kuliko jambo lingine lolote.

Nilienda chuo cha ualimu miaka miwili, na nilipomaliza nikapelekwa kufundisha shule ya msingi iliyo karibu na kwetu, karibu hasa, kiasi kwamba nikiwa darasani namsikia mama akiita kuku. Alifurahi, akachinja, akaita kanisa zima kuja kuomba. Nilioa, nikajenga uani pale pale. Mke wangu ni mwema na watoto wangu wana afya. Nasema haya ili mtu asidhani nilikuwa nikiteseka kwa njaa. Lakini niliishi kama mtu aliyefungiwa. Nilitoka asubuhi kwenda shule hatua mia tatu, nikarudi jioni hatua mia tatu, na mama ameketi kando ya chakula kilichofunikwa. Kinuni niliacha kwenda, kwa sababu mama alisema mwalimu haonekani na grisi. Injini ilipokohoa niliisikia kutoka darasani. Nilijua ina nini, na niliendelea kufundisha hesabu za sehemu.

Haya yote niliyaweka juu ya kichwa cha Mwalimu wa Fomu. Nikiamka nimechoka, ni yeye. Nikisikia mwenzangu fulani yuko reli, ni yeye. Sikumwambia mtu nyumbani. Ningemwambia nani?

Ni Abdi aliyeniletea habari, siku alipopita shuleni kwetu akichanja ng'ombe. Mwalimu alistaafu, akarudi Malili, na macho yameanza kumwacha. Nikaona nikichelewa atakuwa hanioni, na mimi nilitaka anione. Jumamosi moja nikaondoka alfajiri.

"Unarudi leo?" mama aliniuliza.

"Narudi."

"Sawa. Nitangoja."

Nilimpata ameketi kwenye kiti cha kamba mbele ya duka la mkaza mwanawe, uso umeelekea barabara kuu. Malori yalikuwa yanapita kwenda Mombasa. Nilisema jina langu, akavua kofia.

"Kyalo wa Kwa Vonza. Mkono mweusi," akasema. "Umefika Malili. Basi umesafiri."

Niliketi penye nafasi, kwenye kibao kando ya cherehani ya mkaza mwana. Mama huyo alituletea chai, akaomba radhi kwa nguo zilizorundikana. Mashine ilikuwa inaruka mishono na kukata uzi tangu Jumatano, na fundi alikuwa Machakos. Mwalimu akaniuliza habari za mama. Nikamwambia yuko, ana nguvu. Akaniuliza shule, nikamjibu. Kisha sikuweza tena, nikamwambia kwamba nimekuja kumwuliza kitu kimoja.

"Uliuona mkono wangu," nikasema. "Mbona ulinifuta?"

Aliingia ndani polepole akipapasa ukuta, na nikasikia sanduku la bati likifunguliwa. Nilibaki na cherehani. Alirudi na daftari moja kati ya yale yake, akalishika karibu na pua, akageuza kurasa mpaka akanipata.

"Nitakusomea," akasema. "'Kyalo. Mama anasema: anafundisha wadogo wake kusoma, kila jioni, bila kutumwa.'"

Nilisikia maneno na sikuyaelewa. "Wadogo wangu?"

"Niliandika na mstari wa chini. 'Nimetazama uani. Wadogo hakuna.'"

Lori lilipita, likafuatwa na lingine. Yeye aliyageukia, ingawa nadhani alikuwa anaona vumbi tu.

"Nilimwuliza, mwaitu, hao wadogo wako wapi?" Alimwita mama kwa heshima, kama tunavyowaita mama zetu. "Hakunijibu hiyo. Akaniambia, 'Wa kwanza alienda Mombasa. Mwalimu anapelekwa kufundisha karibu na kwao, si ndiyo?' Nikasema mara nyingi ndiyo. Akaniongezea maji."

"Kwa hivyo ulijua ni uongo."

"Nilijua kabla sijashuka kwa baiskeli. Si nilikuwa nimekuona? Miaka yote niliandika vile wazazi walisema. Yeye peke yake ndiye alinidanganya, na yeye peke yake ndiye nilishindwa kumkatalia."

"Ungeniambia, Mwalimu."

"Ningekuambia ungemchukia."

"Nikakuchukia wewe."

"Najua," akasema. "Afadhali mimi. Mimi sikuwa nakula kwenu."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilimwambia walikaa wawili wakayapanga maisha yangu juu ya glasi ya maji. Nilimwambia alitembea Ukambani yote akiuliza kila mtu isipokuwa mwenye maisha. Akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea hata kidogo, na hilo lilinichosha kuliko kama angejitetea.

Mkaza mwana akatoka dukani. "Hee," akasema, "kwani unaitengeneza?"

Nikatazama mikono yangu. Cherehani ilikuwa imelazwa, bobini yake ya uzi nje, pamba ya uzi niliyoitoa ndani imerundikana juu ya kibao, na kisu cha duka kilikuwa mkononi mwangu kama bisibisi. Sindano ilikuwa imewekwa kinyume, mgongo mbele. Nilikuwa nimeigeuza, nikasafisha chini, nikakaza skrubu iliyolegea, wakati wote nikigombana. Sikukumbuka nilianza lini. Nikainua mashine, nikaweka kipande cha kitambaa, nikazungusha gurudumu. Mishono ikaenda sawasawa mpaka mwisho.

Mwalimu alikuwa ameinamisha sikio.

"Nani amekutuma ufungue hiyo?" akauliza.

"Hakuna."

Alipapasa mfuko wa shati. Raba bado ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kifungo. Akafuta ukurasa wangu, mstari wa juu na mstari wa chini, kwa muda mrefu, akipuliza. Kisha akaandika, akashindwa kuona alichoandika, akanipa daftari nisome. Mwandiko ulikuwa umepanda na kushuka. Ulisema: *Kyalo. Mashine. Nimeona mwenyewe.*

"Una kalamu?" akaniuliza. "Pitishia wino."

Kalamu nilikuwa nayo, mwalimu hakosi kalamu. Niliitoa, nikaifungua, nikaishika juu ya jina langu. Kisha nikaifunga.

"Iache hivyo, Mwalimu."

Akaitikia. Nilimrudishia daftari, nikamfutia grisi iliyokuwa imebaki kwenye jalada. Akanishika mkono, akaugeuza, akausogeza karibu na macho yake autazame, kisha akauachilia. Aliniambia nikae nile, chakula kiko karibu kuiva. Nikamwambia siwezi, kuna basi la saa saba. Nikilikosa hilo sitafika leo, na mama atakuwa hajala.